Elfu ishirini na nne mfukoni

Mwenzake shangazi, yule wa Katonga, alibisha hodi jua likiwa bado halijatoka. Hakukubali kukaa. Alisimama mlangoni, khanga kaikaza kiunoni kama mtu anayekwenda kupakua mtumbwi, akaniuliza swali moja tu.

"Laki saba na tisini na mbili mara tatu ni ngapi?"

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne miezi michache nyuma. Nyumbani kwetu, Kibirizi ya Kigoma, mimi ndiye niliyekuwa msomi, kwa hiyo daftari la biashara nilikabidhiwa mimi. Shangazi na wenzake wawili walikuwa wakinunua dagaa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, wanaanika, wanafunga magunia, wanapeleka Dar es Salaam. Mapatano yao hayakuwa na maneno mengi: mtaji sawa, gharama sawa, faida mafungu matatu sawasawa. Safari ile, baada ya kutoa nauli ya mzigo, ushuru na pesa ya vibarua, zilibaki milioni mbili na laki nne.

Nikachukua simu, nikaandika 2,400,000, nikazidisha kwa 0.33. Shuleni theluthi niliikariri hivyo, sifuri nukta tatu tatu, na mtihani ulikuwa haunisumbui. Ikaja 792,000. Nikahesabu mafungu matatu, kila moja nikalifunga kwa mpira, nikamkabidhi kila mtu chake kabla ya magharibi. Zikabaki noti mbili za elfu kumi, na nyingine mbili za elfu mbili. Wazo lililonijia ni kwamba wakala alinizidishia nilipokwenda kutoa. Nikazitia mfuko wa shati, nikasema kesho nitamrudishia mwenyewe.

"Milioni mbili, laki tatu na sabini na sita," nikamjibu yule mama.

"Na zilizoingia?"

"Milioni mbili na laki nne."

"Elfu ishirini na nne iko wapi, baba?"

Ilikuwa mfukoni mwangu, tena katika shati lile lile nililokuwa nimelivaa. Nikaitoa. Sijui kama kuna namna mbaya zaidi ya kusema ukweli kuliko ile.

Shangazi hakupaza sauti. Aliagiza mwenzao wa tatu aitwe kutoka Ujiji, kila mtu aje na fungu lake, akatandika kitenge juu ya mkeka. Pesa zote zikamwagwa pale pamoja na zile za mfukoni. Noti za elfu kumi zilikuwa 239, za elfu mbili tano. Shangazi akazichukua zile tano, akafungua pindo la khanga yake, akatoa nyekundu moja badala yake. Zikawa 240. Kisha akaanza kugawa kama mtu anayegawa karata: wewe, wewe, mimi. Wewe, wewe, mimi. Alichukua muda, na hakuna aliyesema neno. Mwisho kila mmoja alikuwa na noti themanini na kitenge kilikuwa kitupu.

"Theluthi ndiyo hiyo," akaniambia, akikunja kitenge. "Wewe yako uliitoa wapi?"

Walinisamehe, lakini mwaloni habari hailali. Kwa muda mrefu vijana wa pale waliniita Nukta Tatu Tatu. Hata wauza kahawa walijua.

Lililonikera zaidi ya jina ni lile swali. Shangazi hakuvuka darasa la tatu, na theluthi yake ilikuwa kamili. Mimi nina cheti, na theluthi yangu ilikuwa pungufu kwa elfu nane kila fungu. Usiku ule nikakaa na simu nikaanza kuichokonoa. Badala ya 0.33 nikaweka 0.333. Kila mtu akapata 799,200, na jumla ikapungua 2,400 tu. Nikaongeza tatu nyingine: upungufu 240. Nyingine: 24. Nyingine: shilingi mbili na senti arobaini. Kila tatu niliyoongeza iliula upungufu ikabakiza fungu moja la kumi. Nikaongeza mpaka kioo cha simu kikajaa, na bado kulikuwa na kipande cha senti kinadaiwa mahali fulani.

Hapo ndipo nilipokumbuka ubao wa kidato cha kwanza. Mwalimu aliandika sifuri, nukta, kisha tatu moja, na juu ya ile tatu akaweka kinukta kidogo. Tulisoma kwa Kiingereza na mimi nilikuwa nakaa nyuma, nikadhani ni tone la chaki. Kwenye daftari langu sikukiandika. Kile kinukta ndicho kilichokuwa somo lenyewe: kinasema tatu hii haina mwisho, usithubutu kuikata. Mimi niliikata baada ya mbili, na nilipoikata ndipo pesa za watu zilipodondokea.

Ila kwa nini isikome? Nusu inakoma, 0.5. Robo inakoma, 0.25. Theluthi ina kosa gani?

Jibu nililipata kwa kufikiria chenji, na mpaka leo nikimweleza mtu naanzia hapo. Mna noti moja ya elfu kumi na mko watatu. Haigawiki, mnaichenji mnapata noti kumi za elfu moja. Kila mtu anachukua tatu, inabaki moja. Hiyo moja nayo mnaichenji kwa sarafu kumi za mia. Kila mtu tatu, inabaki moja. Ichenji tena kwa vipande kumi vidogo zaidi, kila mtu tatu, inabaki moja. Umeona tumerudi tulipoanzia? Kinachobaki ni kile kile, kwa hiyo kitakachofuata ni kile kile. Kumi ni tisa na moja, mia ni tisini na tisa na moja, elfu ni mia tisa tisini na tisa na moja. Tisa zote zinagawika kwa tatu bila shida. Ni hiyo moja inayoning'inia nyuma kila mara. Ungeichenji mpaka kiama.

Kwa hiyo kosa si la theluthi. Kosa ni la kuchenji kwa kumi kumi. Kumi inapasuka kwa mbili na kwa tano, basi. Chukua sehemu yoyote, ipunguze mpaka isipungue tena, kisha tazama asili yake, ile namba ya chini. Kama imejengwa kwa mbili na tano peke yake, desimali itakoma: nane ni mbili mara mbili mara mbili, kwa hiyo moja ya nane ni 0.125, kwisha. Arobaini ni mbili mara mbili mara mbili mara tano, moja ya arobaini ni 0.025, kwisha. Ikiingia tatu, au saba, au kumi na moja, au namba tasa nyingine yoyote, desimali haikomi. Ndiyo maana saa haina ugomvi huu. Dakika ni sitini, na sitini inagawika kwa tatu, kwa hiyo theluthi ya saa ni dakika ishirini kamili, hakuna anayeuliza salio. Watu wa Babeli ya kale walihesabu kwa sitini sitini. Sisi tunahesabu kwa kumi kwa sababu ya vidole, nadhani wangekuwa na vidole kumi na viwili wavuvi wangegawana kwa amani zaidi.

Nikiwa bado na lile jina, mwenye mtumbwi mmoja aliniita nimwekee hesabu. Nadhani alijua mtu aliyeungua hachezei moto. Kazi ya dagaa ni ya giza. Taa zinawashwa ziwani usiku na samaki wanazifuata. Mbalamwezi ikishika, taa hazina nguvu, watu wanapumzika, wanashona nyavu na kufanya hesabu. Vijana wa mtumbwi ule walikuwa saba. Mwezi wa kwanza, baada ya mafuta na fungu la mwenye mali, sehemu yao ilikuwa milioni moja kasoro elfu chache, na mwenye mtumbwi akaijazia ifike milioni.

Milioni kwa saba. Safari hii sikugusa simu. Nilikaa mchangani na kijiti nikagawanya kwa njia ndefu, nikiandika pembeni kila kilichobaki. Kumi kwa saba ni moja, inabaki tatu. Thelathini kwa saba ni nne, inabaki mbili. Ishirini: mbili, inabaki sita. Sitini: nane, inabaki nne. Arobaini: tano, inabaki tano. Hamsini: saba, inabaki moja.

Moja. Nilianza na moja. Nikakaa kimya nikiutazama mchanga.

Kila mtu alikuwa apate 142,857 na ibaki shilingi moja, shilingi ambayo siku hizi huioni kwa macho. Lakini kama ingekuwapo, na ningetaka kuigawa ile moja, ningerudia safari ile ile: moja, nne, mbili, nane, tano, saba. Tena na tena. Moja ya saba ni 0.142857142857 na kuendelea. Tena haikuwa na namna nyingine. Ukigawa kwa saba, kinachoweza kubaki ni moja, mbili, tatu, nne, tano au sita. Kikibaki saba maana yake hujamaliza kugawa. Kikibaki sifuri umekoma. Viti ni sita tu. Hatua ya saba lazima mtu akae kwenye kiti kilichokwisha kukaliwa, na akishakaa, kila kitu kinarudi kwa mpangilio ule ule. Hili halihusu saba peke yake. Sehemu yoyote duniani, hata asili yake iwe milioni, itakoma au itajirudia, kwa sababu viti vya salio vina idadi. Hakuna sehemu inayotangatanga ovyo. Kwangu hilo lilikuwa jambo kubwa, na mpaka leo naona ajabu kwamba darasani lilipitwa kama kituo kisicho na abiria.

Kwa udadisi nikagawa milioni mbili: 285,714, zinabaki mbili. Milioni tatu: 428,571, zinabaki tatu. Tazama tarakimu. Ni wale wale sita, kwa foleni ile ile, ila anayetangulia ni mwingine. Sababu iko kwenye mchanga: mbili ni salio nililokutana nalo njiani, kwa hiyo ukianza na mbili unadandia gari lile lile kituo cha mbele.

Wale vijana hawakutaka kusikia habari za viti. Nilimpa kila mmoja 142,850, ikabaki sarafu moja ya hamsini. Tukampa mtoto wa mama ntilie.

Nilikuwa sijaelewa safari ya kurudi: umepewa desimali, utajuaje sehemu iliyoizaa? Nilifundishwa na hesabu ya gari. Kuna mtu alituandikia kwamba sehemu yetu katika gharama ya lori ni 0.2727 ya nauli yote, na hakukumbuka magunia yalikuwa mangapi. Ukitazama unaona 27 inajirudia. Basi ipe jina, iite nanasi, jina si hoja. Nanasi moja ni 0.272727 bila mwisho. Mananasi mia moja ni 27.272727 bila mwisho. Sasa toa nanasi moja kwenye mananasi mia. Mikia yote miwili ni sawa, tarakimu kwa tarakimu, inafutana yote kwa mpigo mmoja. Kinabaki mananasi 99 ni sawa na 27. Nanasi moja ni 27 kwa 99, ukigawa juu na chini kwa tisa unapata 3 kwa 11. Magunia yalikuwa kumi na moja, yetu matatu. Nauli ilikuwa 165,000, kwa hiyo sisi tulidaiwa 45,000. Kwa 0.27 ningelipa 44,550, na dereva wa lori si mtu wa kumpunja 450.

Tarakimu moja ikijirudia, zidisha kwa kumi, unapata tisa chini. Mbili zikijirudia, mia, unapata tisini na tisa. Sita zikijirudia, kama za wale vijana, unapata 142,857 kwa 999,999, na hiyo ukiipunguza inatua kwenye moja ya saba. Tisa zile zile za kwenye chenji.

Somo lililonifurahisha kuliko yote lakini nililipatia Ujiji. Nilimsindikiza shangazi kwenye msiba wa jamaa yake, na baada ya siku kadhaa familia ikakaa chini ya mwembe na mzee mmoja aliyesomea mirathi. Marehemu aliacha mke, mama mzazi na mtoto mmoja wa kiume. Mali iliyogombewa ilikuwa shamba la michikichi, miti 72 inayozaa. Mzee hakuwa na karatasi.

"Mke thumni, kwa kuwa kuna mtoto. Mama sudusi. Kinachobaki ni cha kijana." Akanyamaza kidogo. "Asili yake ishirini na nne."

Nilishtuka, nikafikiri na huku nimetangaziwa. Kumbe alitafuta namba ndogo kuliko zote inayogawika kwa nane ya thumni na kwa sita ya sudusi. Katika mafungu 24, thumni ni matatu, sudusi ni manne, kijana kumi na saba. Kila fungu miti mitatu: mke tisa, mama kumi na miwili, kijana hamsini na mmoja. Ijumlishe uone. Hakuna mti uliokatwa, hakuna desimali iliyoguswa. Na lugha yetu wenyewe ilikuwa na maneno yote hayo, theluthi, sudusi, thumni, tunayatumia miaka na miaka. Desimali ni mgeni wa juzijuzi: huko Ulaya zilianza kushika kasi baada ya Simon Stevin wa Bruges kuchapisha kijitabu chake mwaka 1585. Zina faida yake, sizikatai, ukitaka kulinganisha sehemu mbili haraka hakuna kama desimali. Lakini kugawa haki ya mtu ni kazi nyingine.

Kwenye daladala kurudi nikafanya la kwangu. Kumi na saba kwa ishirini na nne, simu ikasema 0.7083333. Hii ni ya namna nyingine: kuna 708 inayotangulia mara moja tu, ndipo tatu zinaanza kukimbia. Ukipasua 24 unapata mbili, mbili, mbili na tatu. Zile mbili zote tatu ndizo zilizokula tarakimu tatu za mwanzo, na ile tatu peke yake ndiyo inayoleta mkia. Kuirudisha unafanya nanasi mara mbili. Zidisha kwa elfu moja, unapata 708.333 na mkia wake. Zidisha kwa elfu kumi, unapata 7083.333 na mkia wake. Toa. Mananasi 9,000 ni 6,375. Gawa juu na chini kwa 375, unapata 17 kwa 24. Shangazi aliniuliza nacheka nini na watu wanatoka matangani.

Binamu yangu wa chuo alipokuja likizo tulibishana jioni nzima kuhusu 0.999 isiyokoma. Yeye alishikilia kwamba ni chini ya moja, kidogo tu. Nikamwambia ataje hicho kidogo. Akasema labda moja ya milioni. Nikaongeza tisa, upungufu ukawa mdogo kuliko huo. Akataja kingine, nikaongeza. Simu yake ilikuwa ya bei nafuu. Alipogawa moja kwa tatu kisha akazidisha kwa tatu ikamwandikia 0.9999999, akaona ameshinda. Hiyo imekatwa, nikamwambia, kama yangu ilivyokatwa. Tisa zisizokatwa ni theluthi tatu, na theluthi tatu zilimwagwa kwenye kitenge mbele yangu, noti themanini mara tatu. Shangazi alikuwa anapepeta dagaa pembeni. Aliuliza kama kuna anayedai. Binamu akasema hakuna. Akaendelea kupepeta.

Daftari bado nalishika mimi. Kwenye safu ya mgao siandiki tena desimali. Naandika theluthi, kwa herufi, kisha pesa, kisha chini kabisa jumla ya yaliyotoka. Mama wa Katonga anapokea fungu lake, anafungua mpira, anahesabu noti moja moja palepale, na mimi nasubiri nimesimama mpaka amalize.